Kukadiria maji yanayoshikwa na udongo wa tropiki

Namba zinazotafutwa ni mbili: maji yanayobaki baada ya udongo kuchuja ziada, na maji yanayobaki mmea ukinyauka bila kuinuka tena. Tofauti yake ndiyo akiba ya mmea. Kuzipima moja kwa moja kunadai sahani za shinikizo, yaani kifaa cha maabara kinachosukuma maji kutoka kwenye udongo, na muda mrefu. Kuzikadiria kunadai vipimo vinne tu: mchanga, mfinyanzi, kaboni hai na densiti (uzito wa udongo mkavu kwa ujazo wake).

Usichukue fomula yoyote iliyo karibu. Nyingi zilitungwa kwa udongo wa nchi za baridi. Katika udongo mwekundu wa tropiki, kaolinaiti (aina ya madini ya mfinyanzi) na oksidi za chuma hugandisha mfinyanzi kuwa punje ndogo ngumu. Maji yaliyo kati ya punje hutoka upesi kama mchangani, na yaliyo ndani yake hushikwa kiasi kwamba mizizi haiyafikii. Ndiyo maana udongo wenye mfinyanzi mwingi unaweza kuwa na akiba ndogo.

Densiti: gongomelea pete ya sentimita za ujazo 100 bila kuushindilia udongo, sawazisha ncha zote mbili, kausha kwa nyuzi 105 kwa saa 24, kisha gawa gramu kwa 100.

Kipimo kinachoharibu hesabu zaidi ni cha mfinyanzi. Punje zisipovunjika, haidromita, kifaa kinachopima chembe zinavyozama majini, huzihesabu kama silti (chembe za ukubwa kati ya mfinyanzi na mchanga) au mchanga. Loweka sampuli usiku kucha katika sodiamu heksametafosfeti, kemikali inayotenganisha chembe za mfinyanzi, kisha itikise kwa saa kadhaa. Dalili ya kutilia shaka: udongo unaonekana wa mchanga unapoufinyanga, lakini ukiendelea kuukanda ukiwa na maji unazidi kunata.

Kaboni ni rahisi zaidi. Ukipewa asilimia ya mboji, igawe kwa 1.724.

Sasa tumia milinganyo ya Minasny na Hartemink (2011), iliyotungwa kwa udongo wa tropiki. Vyote ni asilimia, isipokuwa densiti, ambayo ni gramu kwa sentimita ya ujazo. Majibu ni asilimia ya ujazo. Kilopaskali hupima nguvu inayoshika maji udongoni: 10 ni udongo ukishachuja ziada, 1500 ni mmea ukinyauka bila kuinuka tena:

Maji kwa kilopaskali 10 = 59.9 − 8.78 × densiti − 0.31 × mchanga

Maji kwa kilopaskali 1500 = 7.95 + 0.86 × kaboni + 0.4 × mfinyanzi − 0.004 × (mfinyanzi − 37.7)²

Chukua mchanga 30, mfinyanzi 50, kaboni 1.5 na densiti 1.2. Mlinganyo wa kwanza unatoa 40.1, wa pili 28.6. Akiba ni asilimia 11.4, yaani milimita 114 kwa kila mita ya kina. Mizizi ikifika sentimita 60, ni takriban milimita 68. Fomula zinazoanzia kilopaskali 33 hupunja akiba hii, kwa kuwa udongo wa aina hii huacha kuchuja karibu na 10.

Kokoto zikichukua asilimia 20 ya ujazo, zidisha akiba kwa 0.8. Hesabu hii haifai kwa udongo wa majivu ya volkano wenye densiti chini ya 0.9, wala kwa udongo mweusi unaopasuka, ambao densiti yake hubadilika na unyevu.

Kuhakiki, lowesha eneo dogo hadi lishibe, lifunike kwa plastiki siku mbili au tatu, kisha pima unyevu kwa uzito na uuzidishe kwa densiti. Jibu likizidi sana lile la mlinganyo wa kwanza, shuku kwanza kwamba mchanga ulihesabiwa kupita kiasi, na urudie kuloweka.