Somo: Kuziba tundu la vyeti kwenye requests ya Python (CVE-2024-35195)

Wakuu, hili nimelijibu PM mara nyingi mno, kwa hiyo naliweka hapa kwa wote. Kwenye requests (maktaba ya Python ya kutuma maombi kwa seva za wavuti) za kabla ya 2.32.0, ombi la kwanza la `Session` (kikao kinachotumia tena muunganisho uleule) likienda na `verify=False`, yaani usikague cheti kinachothibitisha kuwa seva ni yenyewe, yanayofuata kwenda seva ileile hayakagui cheti, hata ukiandika `verify=True`. Muunganisho uliofunguliwa bila ukaguzi ndio unaoendelea kutumika.

1. Angalia toleo: `pip show requests`

2. Sasisha: `pip install -U "requests>=2.32.2"`. Ruka 2.32.0 na 2.32.1, ziliondolewa.

3. Hapa niliharibu. Nilisasisha, nikaona namba mpya, nikaenda kulala. Kumbe huduma yenyewe ilikuwa inatumia venv nyingine (mazingira ya Python yaliyotengwa, yenye maktaba zake), na tokeni za wateja zikapita wiki nzima bila ukaguzi. Tumia pip ya Python ileile inayoendesha huduma, kisha iwashe upya huduma, kwa sababu iliyo hewani bado imeshika maktaba ya zamani. Halafu jaribu kwa Python hiyohiyo:

```
import requests
s = requests.Session()
u = "https://self-signed.badssl.com/"
s.get(u, verify=False)
s.get(u, verify=True)
```

Mstari wa mwisho lazima ugome kwa `SSLError`. Ukipita kimya, bado uko kwenye toleo la zamani.

4. `grep -rn "verify=False" .` na uziondoe zote.

Kipanga: Mkuu, nimeweka verify=True lakini toleo halibadiliki.
Jibu: Soma hatua ya 2.

Dogo wa Seva: Si wameshaziba? Mimi naiacha False, seva ni ya ndani.
Jibu: Kilichozibwa ni kuambukiza maombi yanayofuata. Ombi lako lenye False halikagui chochote hadi leo. Yeyote aliyeingia kwenye mtandao wenu anaweza kujifanya hiyo seva.

Nuru: Vyeti vyetu tunasaini wenyewe. Tufanyeje bila kuzima ukaguzi?
Jibu: Asante kwa kuuliza hivyo, dada. Chukua cheti cha CA yenu (mamlaka yenu inayosaini vyeti), uandike `verify="/etc/ssl/ofisi-ca.pem"`. Hakikisha jina unaloitia seva limo kwenye subjectAltName (orodha ya majina ya seva) ya cheti chake, maana hapo ndipo wengi hukwama wakarudi kwenye False.

Nuru: Na mashine yenye Python 3.7?
Jibu: 2.32 inataka 3.8 kwenda juu. Kwa sasa ita `s.close()` kila baada ya ombi la False, au lipe Session yake peke yake.

Fundi Pi: Nyongeza: cheti kikikataliwa ghafla, piga `date` kwanza. Raspberry Pi yangu ilizimika umeme, saa ikabaki nyuma, vyeti vyote vikaonekana havijaanza kutumika.
Jibu: Kweli kabisa, mkuu. Washa NTP (huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao) kabla ya kugusa msimbo.