Jinsi ya kutambua makosa madogo ya uchapaji kwenye noti ya dola 1

Binamu yangu ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, na bakshishi nyingi anazopewa ni noti za dola 1. Majuzi tulizipitia pamoja kutafuta zenye makosa ya kiwandani, zile ambazo wakusanyaji hununua kwa bei ya juu kuliko thamani yake. Utaratibu tuliofuata ni huu.

Vifaa: lenzi ya sonara inayokuza mara 10, rula na tochi. Kamera ya simu usiitegemee. Huirekebisha picha yenyewe na kukuonyesha mistari isiyokuwepo.

1. Tenga yasiyo makosa. Nyota mwishoni mwa namba ya mfululizo ni alama ya noti mbadala, iliyochapwa kuziba nafasi ya iliyoharibika kiwandani. Pambizo zisizolingana ni jambo la kawaida. Huwa kosa la maana pale kipande cha noti ya jirani kinapotokeza ukingoni. Kijani kilichogeuka buluu au njano mara nyingi ni kazi ya kemikali.

2. Linganisha namba mbili za upande wa mbele, tarakimu kwa tarakimu. Gurudumu la namba likikwama mtamboni, moja hutofautiana. Muhuri wa kijani na namba hupigwa mwishoni, baada ya nyuma na mbele kuchapwa, kwa hiyo kwa kawaida husogea pamoja. Muhuri ukihama huku namba zimetulia, mimi siigusi noti hiyo.

3. Ukiona mstari mweupe usio na wino, ivute noti taratibu. Karatasi iliyojikunja kabla ya kuchapwa ikifunguka, noti huzidi kipimo chake cha milimita 156 kwa 66. Kama haikuzidi, angalia nyuzi kwa lenzi: zikiwa zimesimama, mtu amefuta.

4. Kivuli cha sura ya mbele kilichotokea nyuma. Hapa ndipo watu hupoteza pesa, kwa hiyo usiharakishe.

Kosa la kweli hutokea karatasi isipopita mtamboni kwa wakati wake. Wino wa bamba la kuchapia hutua kwenye silinda inayokandamiza, kisha karatasi inayofuata huchapwa mbele kama kawaida huku mgongo wake ukiokota wino ule. Ndiyo maana kivuli huwa kimegeuzwa kama kwenye kioo. Lakini kugeuzwa peke yake hakutoshi! Noti mbili mpya zilizobanana mfukoni kwenye jasho au mvua huachiana wino uliogeuzwa vilevile.

Kipimo ninachokiamini ni mwanga. Iinue noti mbele ya tochi: kivuli cha kiwandani hulala sawasawa juu ya picha ya mbele, jicho la Washington, yule mwenye sura kwenye noti, juu ya jicho, ukingo juu ya ukingo. Cha mfukoni huwa kimepinda au kimehama. Kisha laza tochi ubavuni. Picha halisi ya mbele ina matuta ya wino, kivuli hakina. Kivuli chenye matuta hakikutokana na silinda, na muuzaji akikuambia vinginevyo, mrudishie noti yake.

Kivuli kikififia usikate tamaa, kwani kila karatasi inayofuata huokota wino kidogo zaidi, na hafifu nayo ni kosa halali.

5. Usiioshe, usiipige pasi, usiinyooshe kwa kitabu kizito. Itie kwenye mfuko wa plastiki usio na PVC, upige picha pande zote mbili, na moja zaidi ikiwa mbele ya tochi. Mnunuzi anayejua kazi ataiomba hiyo kwanza.