Pointi tano ni za kifua

Nafundisha wauguzi wenzangu kazini, katika zahanati za huku Kigoma kandokando ya ziwa. Mafunzo ya slaidi baada ya ugali wa mchana nayajua: watu wanasaini karatasi ya posho, kisha wanasinzia. Nikiingia na mdoli wa mtoto mchanga na saa, tukafanya mchezo wa kushindana, hakuna anayelala.

Chagua jambo moja tu. Mimi huanza na mtoto aliyezaliwa asipumue, maana hapo saa ina haki yake: kabla dakika 1 haijaisha awe ameanza kupewa hewa. Gawa timu mbili. Zangu ni Migebuka na Kuhe, majina ya samaki wa ziwa letu. Changanya vyeo, mfawidhi (mkuu wa zahanati) na mhudumu wakae timu moja, la sivyo wakubwa watacheza na wadogo watapiga makofi.

Mwamuzi anaita "Hajalia!" na kubonyeza saa. Kumkausha na kumsugua mgongo, pointi 1. Kuondoa khanga iliyolowa, 1. Kuweka kichwa sawa, 1. Barakoa ya ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono, kuziba mdomo na pua bila kuvujisha, 1. Kifua kupanda, 5. Hizo tano ndizo mchezo wenyewe. Anayebana ambu mbiombio huku kifua kimetulia hazipati, hata akimaliza wa kwanza. Tunalenga pumzi 40 kwa dakika, timu nzima ikihesabu kwa sauti. Kelele ziwepo, leba hakuna kimya.

Kwenye dawa ya malaria, saa naificha. Natoa kadi za uzito, kilo 12, 18, 30, 40, na mchezaji anapanga maharage badala ya vidonge vya ALu, dawa mseto ya malaria: 1, 2, 3, 4 kwa kila dozi. Mtego ni dozi ya pili: saa 8 baada ya ya kwanza, wala si "kesho asubuhi". Ukiwakimbiza hapa, unawazoesha kubahatisha.

Ubaoni andika timu, usiandike jina la mtu. Zahanati ni ndogo, na aliye mkiani atasikia habari zake sokoni. Zawadi iwe mche wa sabuni au chupa ya mawese. Pesa usitoe, utakuwa kutwa nzima unaamua ugomvi kati ya timu na mwamuzi.

Baada ya wiki chache rudia mchezo uleule mwanzoni mwa zamu, bila taarifa, kwani mikono husahau upesi. Na mdoli ubaki chumba cha kujifungulia, usifungiwe kabatini kwa mfawidhi.