Waridi la jangwani: funga pembe kabla hazijapasuka

Kiangazi kikikolea pande za Voi au Same, vichaka hubaki vijiti vitupu. Waridi la jangwani nalo hupukutisha majani, kisha likachanua maua ya pinki juu ya shina lililovimba kama kibuyu. Wengi huenda kuling'oa porini wauze mjini. Acheni. Kulianzisha kwa mbegu si kazi ngumu, na mche wa mbegu ndio unaotoa kitako kinene wanunuzi wanachokitafuta. Kipandikizi cha tawi mara nyingi hakikitoi.

Mbegu hukaa ndani ya maganda mawili yaliyoungana kama pembe za mbuzi. Pembe hizo zikianza kubadilika rangi, zifunge kwa uzi au kipande cha soksi nyepesi. Kila mbegu ni kijiti kidogo chenye manyoya pande zote mbili, kwa hiyo pembe ikipasuka huku umeenda sokoni, upepo umeshavuna. Panda upesi, maana mbegu iliyokaa sana hupoteza nguvu ya kuota.

Changanya mchanga mkavu wa mtoni, ule wa chenga, na samadi iliyoiva kabisa, mchanga ukizidi. Ukiwa na vipande vya mkaa, tia. Chombo kiwe na matundu chini. Laza mbegu, usizisimamishe, uzifunike kwa mchanga kiasi cha kutoonekana tu. Penye joto huota ndani ya siku 3 hadi 10.

Sasa maji. Trei yangu ya kwanza niliimwagilia asubuhi na jioni kwa huruma. Miche ikalala chini, shingo zimeoza, harufu ya tope. Kabla mbegu hazijaota, udongo uwe na unyevunyevu. Miche ikishapata majani manne, chomeka kidole: juu pakiwa pakavu, mwagilia, pakiwa na ubaridi, iache. Ihamishie kwenye viriba ikiwa na majani sita hivi, na uizoeze jua kidogo kidogo hadi jua kali la siku nzima.

Maua hutokea baada ya mwaka mmoja au miwili. Usimwahidi mteja rangi, kwani mbegu za pembe moja zaweza kutoa maua tofauti.

Chunguza vidukari kwenye ncha changa. Na utomvu wake ni sumu, ule ule uliopakwa mishale ya wawindaji: ukikata tawi nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa macho au chakula, na viriba viwe mbali na watoto.