Sumaku na bisibisi kabla ya kubomoa ukuta

Nyumba ikiwa ya zamani na unataka kubadilisha mabomba ya maji, yatambue kwanza: gusisha sumaku kwenye bomba, kisha likwaruze kidogo kwa ncha ya bisibisi. Sumaku ikinasa, hata juu ya rangi, ni chuma. Hilo ndilo la kuondoa ingawa kwa nje linaonekana zima, kwa sababu kutu huanzia ndani na kubana njia ya maji taratibu. Isiponasa na mkwaruzo ukatoa wekundu, ni shaba, mara nyingi inaweza kubaki. Isiponasa, bomba likiwa laini na mkwaruzo uking'aa kama fedha, ni madini ya risasi: hiyo usiicheleweshe kabisa, ni sumu, hasa kwa watoto. Njia hii hudanganya pale mafundi waliotangulia walipochanganya, shaba chini ya sinki, chuma ndani ya ukuta. Kwa hiyo pima pia karibu na mita na kwenye hita. Na ukibadilisha sehemu tu, usiunganishe shaba na chuma moja kwa moja. Weka kiungo cha kuzitenganisha, la sivyo chuma kitalika haraka pale zinapoungana.