Somo: Soketi ya taa ya mbele ikiungua, usibadilishe balbu tu

Gari langu la mwaka 1998 lilimaliza balbu tatu za upande wa kushoto katika miezi minne. Kila mara nilibadilishiwa balbu nikalipa, hadi siku nilipoichomoa soketi mwenyewe nikakuta plastiki imeyeyuka. Balbu haikuwa na kosa.

Hatua ya 1: Hakikisha. Chomoa soketi uitazame. Plastiki ya kahawia, harufu ya kuungua au kibati (kile kipande cha chuma ndani ya soketi kinachoshika mguu wa balbu) kilichogeuka bluu vinatosha kama ushahidi. Mwenye mita ya kupimia umeme awashe taa na kupima nyuma ya soketi ikiwa bado imechomekwa. Volti zikipungua zaidi ya moja chini ya zile za betri, umeme unapotea njiani.

Hatua ya 2: Nunua soketi ya kauri yenye mikia ya waya, ya H4 (balbu ya miguu mitatu yenye taa kubwa na ndogo pamoja). Mikia isiwe myembamba kuliko waya wa gari. Nyingi za bei ya chee zina waya wa plastiki nene na nyuzi chache za shaba ndani.

Hatua ya 3: Fungua hasi ya betri. Kata waya mmoja mmoja, huku ukiweka alama. Na hapa wengi hukosea: Toyota nyingi za zamani hupeleka chanya kwenye pini ya pamoja (inayotumiwa na taa kubwa na ndogo), kisha swichi hukata upande wa ethi, yaani hasi. Usibahatishe kwa rangi wala kwa mazoea ya gari jingine. Fuata nafasi ya kila pini kwenye soketi ya zamani.

Hatua ya 4: Menya waya. Shaba ikiwa nyeusi, kata tena, rudi nyuma mpaka uione inang'aa. Kuunga kwenye shaba iliyoungua ni kuhamisha ugonjwa tu. Viungo vitatu visikae sehemu moja, vipishanishe.

Hatua ya 5: Valisha kwanza ule mpira unaosinyaa kwa moto (mimi huusahau nikaunga, kisha nikakata upya). Bana kiungo kwa plasi ya kubania viungo vya waya, kivute kwa nguvu, ndipo usinyaze mpira. Kusokota waya na kuzungushia selotepu hakufai. Joto la injini huilegeza gundi na maji yakaingia.

Hatua ya 6: Weka balbu mpya bila kushika kioo kwa vidole, rudisha betri, pima tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mbona fyuzi haikukata wakati soketi inayeyuka?
Fyuzi hukatika umeme ukipita mwingi kupita kiasi. Kibati kilicholegea kinauzuia umeme, hakiuzidishi. Joto linazaliwa palepale kwenye mguso mbovu, na fyuzi haina habari.

Nimefunga soketi mpya, bado inachemka.
Umerudisha balbu ya zamani? Miguu yake ikiungua huwa na makovu na kukiharibu kibati kipya. Badilisha vyote viwili.

Naweza kuweka balbu za wati 100?
H4 ya kawaida ni wati 60/55 (60 taa kubwa, 55 taa ndogo), yaani takriban ampea 5 kwa taa kubwa. Wati 100 ni zaidi ya 8. Bila relei (swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya swichi ya taa) na waya mnene kutoka betri, utarudi hapa na soketi mkononi.

Kuunga waya kwa lehemu je, kaka?
Inashika vizuri, ila waya hukakamaa pale lehemu inapoishia na mtikisiko huukata hapohapo. Ukiitumia, funga waya kwenye bodi ili usitikisike.