Mtoto mchanga na matembezi ya Bamburi na Nyali: siku moja kutoka Malindi, hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kuandaa safari za familia kutoka Malindi kwenda Mombasa wakati wa Idi na likizo za shule. Swali ninaloulizwa na akina mama kuliko lolote ni hili: "Dada, huyu mchanga nimwache kwa bibi yake au niende naye?" Nenda naye. Mtoto anayenyonya hatulii mbali na mamake, na mama mwenyewe matiti yakishajaa hana raha ya chochote. Ila siku yote ipangwe kwa usingizi wa mtoto, wala si kwa wingi wa michezo, na mama naye atengewe zamu yake ya kucheza. Haya mawili siyaachi katika safari yoyote ninayoipanga.

Mpango wangu ni huu: asubuhi bustani ya wanyama ya Haller Park kule Bamburi, mchana kupumzika, alasiri mabwawa na slaidi za Wild Waters, Nyali. Kwa sisi tunaotoka Malindi zote mbili ziko upande wetu wa daraja la Nyali, kwa hiyo huna haja ya kuingia kisiwani na foleni zake. Mwenye mtoto wa chini ya miezi 6 ashike nusu ya kwanza tu, kisha arudi nyumbani.

Hatua ya 1: Umri na msimu

Kabla ya arubaini hakuna safari, hilo wazee wameshalimaliza. Mimi huongeza muda: subiri mtoto amalize chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Humkinga na kifaduro, nacho hupitia kikohozi, na mahali pa michezo siku ya sikukuu watu wanabanana. Aliyefika miezi 9 apate kwanza chanjo ya surua, usiiahirishe kwa ajili ya matembezi.

Msimu ukiwa mikononi mwako, chagua Agosti. Kusi inavuma na jua limepoa. Likizo ya Desemba inaangukia kaskazi, joto ni kali na umati ni mkubwa. Aprili na Mei ni masika, utashinda umejibanza chini ya paa.

Hatua ya 2: Mtu mzima wa pili

Kwenye bustani za Disney huko Florida, Marekani, mzazi mmoja hupanda mchezo mwenzake akibaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila huyu wa pili kupanga foleni upya. Wana pia vyumba maalumu vya kunyonyesha na kubadilisha daipa, na mtoto wa chini ya miaka 3 huingia bila tiketi. Huku kwetu utaratibu huo utaubeba wewe mwenyewe. Usitoke ukiwa mtu mzima peke yako. Chukua wifi yako, mdogo wako, au baba mtoto mwenyewe, na mpatane mkiwa bado Malindi: nusu saa wewe, nusu saa yeye. Mapatano yanayofanyiwa kando ya bwawa humwacha mama ameketi na mkoba hadi jua linazama, na hilo linaniuma kila ninapoliona.

Hatua ya 3: Mkoba

Anza na leso, doti mbili. Moja ya kumbeba, moja ya kutandika, moja ya kujisitiri ukinyonyesha, moja ya akiba. Kwa mtoto mchanga nathamini leso kuliko kigari, maana njia za Bamburi zina mchanga na mizizi. Weka nguo za pamba za mikono mirefu, kofia pana, na daipa zaidi ya unazotumia siku ya kawaida. Usisahau mfuko wa kutilia zilizochafuka, sabuni, themomita, paketi za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini mtoto akihara) na kijitabu cha kliniki. Mtoto wa chini ya miezi 6 akingwe kwa kivuli na nguo. Losheni ya jua ni ya aliyevuka umri huo.

Kwenye chakula ndiko ninakosisitiza zaidi. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya hahitaji maji, hata kwenye joto la Machi. Maziwa ya mama karibu asilimia 88 yake ni maji, kwa hiyo joto likizidi wewe mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na unywe maji wewe. Mama mkwe atasema mtoto ana kiu, apewe japo kijiko cha dafu. Mjibu kwa adabu, mweleze kwamba daktari amekataza mpaka miezi 6, kisha dafu linywe wewe.

Anayetumia maziwa ya kopo asiyakoroge nyumbani. Beba maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai na unga mkavu uliokwisha pimwa, ukoroge pale pale, uache yapoe kabla ya kumpa. Yakibaki, mwaga. Aliyeanza kula mbebee ndizi mbivu, parachichi, kiazi kitamu cha kuponda. Asali hapana mpaka atimize mwaka. Njugu na korosho nzima pia hapana, na waambie kaka na dada zake wasimtie mdomoni wanachotafuna wao.

Hatua ya 4: Barabarani

Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na Kilifi iko katikati. Ondokeni alfajiri baada ya swala, mtoto akiwa ameshiba na usingizi bado unamvuta. Atalala mpaka Kilifi. Pale teremkeni, mbadilishe daipa, mnyonyeshe, mnyooshe miguu. Usilipuuze tuo hili hata kama mtoto amelala fofofo, kwa sababu foleni ya Mtwapa hailii kengele, na mchanga aliyelowa ndani ya gari lililosimama hulia mpaka sauti ikakauka.

Mwenye gari afunge kiti cha mtoto nyuma, uso wa mtoto ukielekea nyuma ya gari. Kwenye matatu kaa viti vya kati, usikae mbele kwa dereva, na usimfunge mtoto pamoja nawe ndani ya mkanda mmoja: gari likifunga breki ghafla, uzito wako wote unamkandamiza yeye. Bodaboda na mchanga, hata kwa hatua mbili, nakataa.

Hatua ya 5: Asubuhi, Haller Park

Ingieni mapema. Mahali hapa palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mawe matupu yaliyokuwa yakiwaka jua. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo, na mti uliokubali kushika kwenye mwamba ule ni mvinje, huu huu wa fukweni kwetu. Jongoo walisaidia kula majani yaliyoanguka mpaka ukapatikana udongo. Mivinje hiyo ndiyo sababu ya mimi kuanza siku hapa: mchanga anahitaji kivuli chenye upepo, na hapa kipo.

Kaka na dada zake wasimulie habari ya kiboko Owen, maana alitoka kwetu. Desemba 2004, tsunami ilipopiga, kiboko mchanga wa Mto Sabaki alikwama baharini Malindi peke yake, bila mama. Watu walimwokoa kwa nyavu, akaletwa hapa Bamburi, akajiegemeza kwa kobe mkubwa aliyeitwa Mzee, ambaye umri wake ulikadiriwa kuwa karibu miaka 130. Wakawa wanakula na kulala pamoja. Watoto wa Malindi wakisikia hivyo huitazama bustani kwa macho mengine.

Kobe watazamwe, wasishikwe na mchanga. Hubeba vijidudu vya salmonela bila wao kuugua, na kidole cha mtoto safari yake ni moja tu, mdomoni. Kwa twiga, mkubwa alishe, mtoto aone kutoka mgongoni. Mwisho kila mtu anawe kwa sabuni kabla ya kumgusa.

Usimzungushe kila kona. Twiga, kobe na viboko vinatosha. Akianza kusugua macho, tandika leso chini ya mti umlaze, na wenzako waendelee kutembea.

Hatua ya 6: Saa tano hadi saa tisa

Muda huu ni wa kupumzika, usiupangie mchezo wowote. Tafuteni mkahawa wenye paa la makuti, nyumba ya jamaa Kisauni, au chumba cha wageni kama uwezo upo. Mvue mtoto, mpanguse kwa kitambaa kibichi, mnyonyeshe, lala naye.

Wenye kigari wasikilize hili: msikifunike kwa leso pande zote. Kwa nje kinaonekana kivuli kizuri, lakini ndani hewa haitembei na joto linapanda upesi. Ningewaambia haya akina mama wote wa pwani hata kama wasingesoma lingine. Funika upande wa jua, upande wa pili uwe wazi, na pitisha mkono ndani mara kwa mara umguse shingo.

Dalili za kukatiza safari ni hizi: mdomo mkavu, utosi uliobonyea, daipa iliyokaa kavu kwa muda wa saa 6, au mtoto aliyelegea asiyetaka kunyonya. Hapo nenda hospitali. Mtoto wa chini ya miezi 3 akifika joto la nyuzi 38 ni hospitali papo hapo, hata akiwa anacheka.

Hatua ya 7: Maji, na zamu ya mama

Aliyefika miezi 6 aingie bwawa la kina kifupi la watoto, mikononi mwako, dakika 10 zikitosha kwa mara ya kwanza. Mchanga hupoteza joto haraka. Akitetemeka au midomo ikibadilika rangi, mtoe, mkaushe, mkumbatie. Mvishe daipa ya kuogelea, kwani ya kawaida hunywa maji ikawa mzigo. Hata hiyo ya kuogelea haizuii choo cha kuhara kuvuja, kwa hiyo mwenye tumbo baya abaki nje.

Usiteleze kwenye slaidi na mtoto mapajani, hata ile fupi. Mguu wake mdogo hunasa ukingoni huku uzito wako unausukuma mbele, na mfupa huvunjika. Michezo ya kuzungusha na kurusha pia si yake, na muziki ukipigwa kwa sauti kubwa sogeeni mbali na spika.

Sasa mnyonyeshe mpaka ashibe, mkabidhi kwa uliyepatana naye, na uende. Panda ile slaidi ndefu. Simu muachie yeye. Usirudi kila baada ya dakika 5 kuuliza kama analia, umekuja na mtu unayemwamini.

Hatua ya 8: Kurudi, na siku inayofuata

Magharibi isiwakute bwawani, mbu wameshaamka na malaria ipo pwani. Mwogeshe mtoto kuondoa dawa ya bwawa, mvishe mikono mirefu, ale, mwingie garini. Nyumbani alale ndani ya neti yenye dawa kama kawaida.

Kesho yake msitoke. Mpe titi kila anapolitaka, na mwangalie choo chake kwa siku mbili tatu. Akihara, endelea kumnyonyesha, anza ORS na umpeleke kliniki akapewe zinki. Kukiwa na damu kwenye choo, anatapika kila anachonyonya, au ana homa, usingoje kuche.